Alama za Bunduki Kuukuu katika Nchi ya Unyiha

Mwalimu akaaye pande za Mbozi huweza kuletewa bunduki kuukuu, ile ipigayo risasi moja tu kisha ikangoja kushindiliwa tena, na mwenyewe husema, "Hii ni ya babu, aliipata zama za misafara." Mwalimu huandika kama alivyosikia. Hivyo ndivyo makosa yaingiavyo katika habari za nchi. Maana babu hayupo tena aulizwe, bali chuma kipo, nacho kimeandikwa.

Kwanza majina. Gumegume ni bunduki ya jiwe: jiwe hupiga chuma, na cheche huwasha baruti. Ya fataki haina jiwe, bali nyundo hupiga fataki iliyovikwa juu ya kifa. Zote mbili hushindiliwa kwa mdeki katika mdomo wa mtutu, na watu huziita magobori pasipo kuzipambanua. Namna ya tatu hutiwa risasi kwa nyuma.

Wengi hudhani kwamba ya jiwe lazima iwe imetangulia kufika. Sivyo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za namna mpya zisiingizwe Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini, ila uliacha nafasi kwa gumegume zisizochongwa mifuo ndani ya mtutu. Kwa hiyo gumegume yaweza kuwa imeletwa nyuma ya Mauser. Heri kutafuta muhuri wa majaribio. Herufi ELG ndani ya duara mfano wa yai ni za mji wa Liège, Ubelgiji, na taji juu yake liliongezwa 1893. Muhuri wenye taji haukupigwa kabla ya mwaka huo, hata wazee waapeje.

Katika bunduki za kutiwa nyuma, iliyojulikana sana kwetu ni Mauser ya 1871, waliyopewa askari wa Wadachi. Ile ya askari wa miguu huandikwa ubavuni kushoto I.G. Mod. 71. Ikiwa imeongezwa 84, si hiyo, bali ni ndugu yake mwenye ghala ya risasi 8 chini ya mtutu. Spandau na Amberg ni viwanda vya serikali. Oberndorf ni kwa ndugu Mauser wenyewe. Steyr ni mji wa Austria. Risasi yake ina unene wa milimita 11, na baruti yake ni nyeusi, ya moshi mwingi. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, moshi huo uliwafichua askari waliokuwa wakiitumia bado.

Lakini alama haimtaji aliyeishika mwisho. Wahehe wa Mkwawa walipomshinda Zelewski kule Lugalo, 17 Agosti 1891, walitwaa bunduki kiasi cha 300. Tena, jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita misheni ya Mbozi mwisho wa Oktoba 1918, likielekea Fife; na lilipoweka silaha chini Abercorn, 25 Novemba, lilitoa bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Basi mtu akisema babu yake aliokota bunduki ya Mdachi mwaka ule, na akaleta ya Kireno, tusimcheke. Mwenye Mauser ya 71 ndiye wa kuulizwa zaidi.

Watu hupenda kuuliza bei. Katika Mauser sehemu nyingi hupigwa namba moja, na zikilingana thamani huzidi. Kuisugua kwa mchanga ing'ae ni kufuta alama na fedha pamoja. Kiraka cha mfua chuma wa Kinyiha mnunuzi wa Ulaya hukihesabu kuwa ila. Kwangu mimi ni cha thamani kuliko mtambo wote, maana ndicho sehemu pekee iliyofanywa hapa. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 huhesabu kuwa masalio vitu vilivyofanywa kabla ya 1863; Mauser haimo. Walakini sheria ya silaha ya 2015 haijali ukuukuu wa chuma: polisi wapewe habari.

Kabla ya hayo yote, tia ufito katika mtutu, upime urefu wake kwa ndani, kisha ulinganishe kwa nje mpaka penye kifa. Vipimo vikipungukiana, imeshindiliwa bado. Iache mahali ilipo, ukamwite ajuaye. Ikiwa tupu, weka karatasi juu ya alama, usugue kwa kalamu ya risasi, na maneno ya mzee uyaandike kando yake jinsi alivyoyasema.