Muziki wa Shaba na Marudio Yake

Mchimbaji yeyote wa Masumbwe anajua marudio ni nini. Ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha, kuoshwa, na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Mwenye duara huona kuwa mchanga huo umekwisha kazi. Kumbe bado una dhahabu! Mwenye mtambo wa kuchenjua huununua kwa bei ndogo akapata faida kubwa. Juma hili nataka tuzungumzie marudio ya namna nyingine, nayo ni marudio ya muziki.

Mtauliza, Masumbwe na muziki wa magitaa mazito wapi na wapi? Njia ipo, na ni ya zamani. Katika karne ya 19 Wasumbwa walikuwa watu wa misafara. Walitembea kwa miguu hadi Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, alibaki huko akaanzisha ufalme wenye makao yake Bunkeya, akatawala mpaka alipouawa na Wazungu waliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke, wazao wa watu wake, wako Katanga hadi leo. Shaba ile iliyowavuta Wasumbwa haikuishia Katanga. Inavuka mpaka na kuingia Zambia, penye miji ya Kitwe, Ndola na Chingola.

Katika miji hiyo ya migodi ndipo ulipozaliwa muziki ulioitwa Zamrock. Mwaka 1975 bendi ya WITCH ilitoa santuri yake iitwayo Lazy Bones!! Kiongozi wake, Emmanuel Chanda, kijana aliyekulia Kitwe, alipewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger wa Uingereza. Ukiisikiliza santuri hiyo utasikia gitaa linalokwaruza kama karasha lililojaa mawe, mlio unaopinda na kuyumba kama wa ndotoni, na chini yake besi nzito isiyo na haraka.

Uzito huo ulitoka wapi? Tukumbuke kuwa muziki mzito ni mtoto wa viwanda. Huko Birmingham, mji wa vyuma wa Uingereza, Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Alilegeza nyuzi za gitaa ili aweze kupiga, na baadaye mlio wa bendi yake, Black Sabbath, ukashuka ukawa wa kutisha. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Wafanyakazi wa Kizungu wa migodi ya Zambia walikuja na santuri za namna hiyo, na vijana wa Kitwe, waliokulia kando ya mashine, wakazisikia na kuzielewa.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Zambia ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, ilikuwa na fedha, kwa kuwa shaba ndiyo iliyoleta zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje. Pili, serikali ya Rais Kaunda iliagiza redio ipige kwa wingi muziki wa nyumbani. Tatu, Ndola palikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Sisi Tanzania hatukuwa na kiwanda cha namna hiyo. Tena, Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Hata hivyo vijana wetu hawakulala. Bendi ya Sunburst, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, iliuchanganya mdundo wa roki na ngoma za nyumbani, na mwaka 1976 ikatoa santuri yake, Ave Africa.

Neema ya madini haidumu. Bei ya shaba iliporomoka kati ya 1974 na 1975. Mwaka huo wa 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela. Fedha zikaadimika, na mtu anayehangaikia unga hanunui santuri. Zamrock ikazimika. Ugonjwa wa Ukimwi nao ukawachukua wanamuziki wengi, na katika kikosi cha awali cha WITCH akabaki Jagari peke yake. Je, mnajua alikuwa akifanya nini kupata riziki? Alikuwa akichimba vito! Mwimbaji wa mji wa shaba alishika sururu kama mchimbaji mdogo yeyote wa Mbogwe.

Wakati yeye yuko shimoni, santuri zake zilikuwa zikitafutwa Ulaya na Marekani kwa bei kubwa. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilizikusanya na kuzichapa upya. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikafanya hivyo kwa Sunburst. Jagari alipanda tena jukwaani, na mwaka 2023 WITCH ikatoa santuri mpya, Zango. Hayo ndiyo marudio niliyoyasema. Tulidhani yamekwisha kazi, mwenye mtambo akaona dhahabu.

Wasikilizaji, mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na wazee wanakumbuka ukimya uliofuata. Dhahabu ya leo nayo ina mwisho wake. Shimo likikauka, Masumbwe itabaki na nini? Nyimbo za Wasumbwa, ngoma za Bagika na Bagalu, na bendi za vijana wanaopiga usiku kwenye machimbo zinastahili kunaswa sasa, wakati fedha ipo, na nakala zitunzwe hapa hapa nyumbani. Akiba haiozi. Tusingoje mgeni aje kutuuzia marudio yetu wenyewe.