Msitu wa Usambara na Walionunua Nchi kwa Macho

Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 13, twasoma ya kuwa Musa aliwatuma watu 12 kuipeleleza nchi ya Kanaani, akawaagiza watazame mambo mengi. Alitaka wajue kama ardhi ya huko ni nono au ni dhaifu. Tena alitaka wajue kama ina miti au haina. Msomaji mwenye haraka huyadhani maswali haya mawili kuwa ni moja, maana husema moyoni, Penye miti mikubwa hapakosi udongo mzuri. Lakini Musa aliyatenga. Habari ninayotaka kuwaeleza, ndugu wasomaji, ni ya watu waliouliza swali la miti wakaliacha la udongo, nayo ilitokea katika nchi yetu wenyewe, katika milima ya Usambara, zamani za Wadachi.

Milima hiyo yasimama nyuma ya Tanga. Upande wake wa mashariki waelekea bahari, hupokea mawingu yatokayo baharini, na mahali kama Amani hupata mvua karibu milimeta 2000 kwa mwaka. Kwa hiyo ulimea huko msitu mkubwa sana, wenye miti mirefu ambayo watu watatu au wanne hawawezi kuuzunguka mmoja wake kwa mikono. Mwaka wa 1890 msafiri mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita katika nchi hiyo, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake juu ya Usambara. Basi nchi ikapata sifa Ulaya. Mwaka ule ule wa 1891 kampuni kubwa ya Wadachi ya Afrika Mashariki ilianza kupanda kahawa huko Derema. Wengine wakafuata mbio: Bulwa, Nguelo, Kwamkoro. Mwaka wa 1893 ikaanzwa reli kutoka Tanga, na mwaka wa 1896 ilikuwa imefika Muheza, ili kahawa ipate njia ya kushuka pwani.

Nchi yenyewe waliipataje? Mwaka wa 1895 Kaisari alitoa amri ya kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Serkali. Neno hilo, isiyo na mwenyewe, lilikuwa pana kama wavu wa mvuvi. Konde lililoachwa lipumzike likahesabiwa halina mwenyewe, na msitu wa kuchuma dawa na kukata nguzo kadhalika. Kisha Serkali ikawauzia au ikawakodishia wenye makampuni kwa bei ndogo. Katika Ulaya wenye fedha walinunua hisa bila kuona hata konzi moja ya udongo wa Usambara. Walioiona nchi waliona miti, nao walitosheka.

Sasa yafaa tuwatazame Wasambaa. Wao hugawanya nchi yao kwa majina mawili: Shambaai, yaani mlimani penye baridi na migomba, na nyika, yaani chini penye joto. Wazee wao walipenda kujenga vijiji karibu na ukingo wa mlima, ili mtu awe na shamba juu na shamba chini. Mvua ikikosa nyikani, alikula cha mlimani. Baridi ikichelewesha mahindi ya juu, alikwisha kuvuna ya chini. Tena hawakung'ang'ania konde moja hata likafa, bali waliliacha lirudi kuwa kichaka, wakahamia jingine. Mgeni akiona hivyo husema, Hawa ni wavivu, wanaharibu ardhi kwa kuhama-hama. Kumbe ilikuwa elimu, ila haikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya makampuni.

Miti ikakatwa, ikachomwa, mibuni ikapandwa. Miaka ya kwanza mibuni ilipendeza mno, majani yake meusi kwa afya, na barua zilizokwenda Ulaya zilijaa furaha. Kisha ikaanza kugeuka manjano na kuzaa kidogo. Wadudu wakaingia katika mashina, na ugonjwa wa kutu ukaingia katika majani. Ilipofika miaka michache baada ya 1900 ilikuwa dhahiri kwamba kahawa ya Usambara Mashariki haitawalipa wenye fedha. Wakageukia mpira na katani. Watu wengi walisema wadudu ndio waliowaua mibuni. Mimi nasema wadudu walikuta mgonjwa tayari kitandani.

Sababu ilieleweka vema baadaye. Mwaka wa 1902 Wadachi waliweka Amani kituo kikubwa cha elimu ya mimea na kilimo. Baada ya vita ya 1914 hata 1918 kituo kikawa cha Waingereza, na mwaka wa 1928 akaja huko mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne. Bwana huyu alitembea sana, akachimba mashimo sana, na mwaka wa 1937 akaandika habari ya udongo wa mashamba ya Usambara Mashariki.

Jambo lenyewe ni hili. Mawe ya Usambara ni ya kale mno, na udongo wake umeoshwa na mvua kwa muda usiohesabika. Chokaa na vyakula vingine vya mimea vimekwisha kuchukuliwa na maji, kikabaki chuma, ambacho ndicho hufanya udongo uwe mwekundu, tena ukabaki uchachu. Basi ile miti mikubwa hula nini? Hula majani yake yenyewe. Majani huanguka, huoza upesi kwa joto na unyevu, na mizizi iliyotandazwa juu juu hukinyakua chakula kile kabla mvua haijakipeleka chini. Hivyo akiba ya nchi haiko ardhini, imo ndani ya miti, kama mtu ambaye mali yake yote ni nguo aliyoivaa. Mwenye shamba alipoichoma miti aliigeuza akiba yote kuwa majivu kwa siku moja. Majivu yalilisha mibuni miaka michache, na mvua ikala mengine. Yalipokwisha, ndipo udongo ulipoonyesha hali yake ya kweli.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Mlima ule ulitoka katika moto wa chini ya nchi, mawe yake ni machanga, nayo yakioza huzaa chakula cha mimea. Huko kahawa ilistawi, hata mwaka wa 1933 Wachagga walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika cha kuiuza. Milima miwili, yote mirefu, yote ya kijani, na yote ya mvua. Lakini ukichimba, haina undugu. Usambara nayo ilipata mmea wake, maana mchai hupenda udongo ule ule wenye uchachu unaoiumiza mibuni, na chai ikatwaa mahali pengi palipokuwa mashamba ya kahawa.

Milne alifundisha neno la pili, nalo lamfaa mkulima kuliko la kwanza. Alisema udongo wa nchi yetu mara nyingi umepangwa kama mnyororo kutoka kilimani hata bondeni. Juu pana udongo mwekundu, chini yake kichanga cha kijivu kilichooshwa, na bondeni mfinyanzi mweusi upasukao wakati wa kiangazi. Kila pete ya mnyororo ina tabia yake, na ukiijua moja waweza kuikisia ifuatayo. Alilitoa neno hili katika miaka ya 1930, na wataalamu wa dunia nzima wakalipokea. Hata hivyo Wasukuma walikuwa na majina ya pete hizo tangu zamani: luseni ni ya kichanga, ibambasi ni ile ngumu isiyopenya jembe, na mbuga ni ile nyeusi ya chini. Milne mwenyewe hakuona haya kujifunza kwa wenyeji. Alikufa mwaka wa 1942.

Miaka minne baada ya kifo chake, mwaka wa 1946, Waingereza walituma watu watatu kutafuta nchi ya kulima karanga, nao walimaliza kazi katika wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama kutoka katika ndege. Mwaka wa 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika Ugogo. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali. Ulikula majembe ya mashine, ukazishika karanga zisitoke. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Sina haja ya kurefusha habari hiyo, maana wengi mwaijua.

Lakini hasara ya pauni milioni 36 iligawanywa kwa taifa zima la Uingereza, wala hapana aliyelala njaa huko kwa ajili yake. Mtu wa kijijini aliyeuza ng'ombe wake wanne apate shamba la ekari tatu, hana wa kugawana naye. Siku hizi ardhi ya vijiji husimamiwa kwa sheria ya mwaka wa 1999, na mauzo yapasa kupita mbele ya halmashauri ya kijiji. Halmashauri yaweza kushuhudia mipaka na kuzuia ugomvi. Udongo haiushuhudii. Mwuzaji naye, hata akiwa mtu mwema, husimama njiani akanyosha mkono, na njia zetu mara nyingi hupita juu ya kilima, penye pete moja tu ya mnyororo.

Kwa hiyo mnunuzi na aje na jembe. Aje mwisho wa masika, aone maji yamesimama wapi, na aje tena wakati wa kiangazi, aone ardhi imepasuka wapi na imekauka kama sakafu wapi. Katika mabua ya mahindi au mtama atafute kiduha, lile gugu lenye maua mekundu au ya zambarau, maana hupenda konde lililochoka. Kama shamba ni msitu uliofyekwa jana, aulize ni miaka mingapi jirani alivuna vizuri baada ya kufyeka kwake. Kisha achimbe shimo la kina cha mkono mzima, atazame tabaka jeusi la juu lina unene gani, la vidole viwili au la shubiri mbili, na chini yake kuna nini, mchanga, mfinyanzi au mwamba. Akiisha kuchimba juu, ashuke achimbe katikati, halafu bondeni, na mwuzaji asimame karibu naye aone.