Kitambaa cha Pua na Kinywa, na Ubishi Wake

Watu wa Ujiji na Kigoma hawajaisahau vita kuu ya kwanza. Hata watoto wa shule wajua kwamba Wadachi waliizamisha meli yao, Goetzen, mwaka 1916 ili isianguke mikononi mwa Wabelgiji, na kwamba meli ile iliyoinuliwa baadaye ndiyo Liemba yetu. Lakini liko jambo la mwisho wa vita ile ambalo halisimuliwi sana. Tarehe 25 Novemba 1918 Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao Mbala siku hizi, katika Zambia. Kisha yeye na watu wake walipelekwa Kasanga, ufukoni mwa ziwa, wakapakiwa melini, wakaletwa hata Kigoma, na hapo wakapandishwa gari la moshi. Askari Waafrika wakashushwa Tabora, wakawekwa kambini. Na huko mafua makali yaliyokuwa yakiizunguka dunia mwaka ule yakawakuta. Wengi waliopona risasi kwa miaka minne wakafa kwa kukohoa, hali vita imekwisha.

Mafua yale yaliua watu wapata milioni 50 ulimwenguni, kwa hesabu itajwayo mara nyingi. Hayakuwa na dawa. Ndipo katika nchi za mbali miji mizima ilipoamriwa kufunika pua na kinywa, na ubishi ukazuka: je, kitambaa usoni chazuia ugonjwa wa pumzi, ama chawatuliza tu wenye hofu? Ubishi huo ulitufikia sisi wa Simbo miaka mia na miwili baadaye, ukaingia hata kanisani, ukatugawanya. Tumeona vema kuueleza tangu mwanzo wake, maana wengi wana maneno makali juu yake, lakini si wengi wajuao ulikotoka.

Neno lenyewe, barakoa, si geni katika Kiswahili. Pwani na Unguja lilikuwa jina la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa heshima, na asili yake ni Kiarabu. Kwa hiyo mwaka 2020 tulilipa neno la kale kazi mpya.

Na desturi ya kufunika kinywa kwa ajili ya ugonjwa ni ya kale pia. Msomaji akifungua Kitabu cha Walawi, sura ya 13, ataona kwamba mwenye ukoma aliamriwa kuufunika mdomo wake wa juu na kuwaonya watu. Angalieni: aliyefunikwa ni mgonjwa, si mzima. Tutalirudia jambo hilo. Katika Ulaya madaktari wapasuaji walianza kujifunga shashi usoni mwaka 1897, baada ya Carl Flügge, mtaalamu wa Kidachi, kuonyesha kwamba mtu anenapo hutoa vitone vidogo sana vya mate, navyo huchukua vijidudu.

Habari iliyo kubwa zaidi yatoka Manchuria, kaskazini ya Uchina. Mwishoni mwa mwaka 1910 tauni ya mapafu iliingia mji wa Harbin, na karibu kila aliyeipata alikufa. Serikali ya Uchina ikampeleka huko daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge. Yeye alisema kwamba tauni hii haiji kwa viroboto vya panya, bali hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa pumzi. Akawaagiza wauguzi na watu wote wajifunge shashi yenye pamba ndani. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, mtu mzima mwenye kuijua tauni tangu zamani, hakukubali. Akaenda kuwatazama wagonjwa bila ya kujifunika. Mwezi wa Januari 1911 alikuwa amekwisha kufa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba kinamaliza shauri. Sisi hatuoni hivyo. Kifo cha mtu mmoja chaweza kuwatisha watu, lakini hakithibitishi neno, na tauni si ugonjwa wa virusi. Tena Wu Lien-teh hakutumia shashi peke yake: aliwatenga wagonjwa katika mabehewa ya gari la moshi, akazuia safari, akachoma maiti kwa maelfu. Watu wapata 60,000 walikwisha kufa kabla tauni haijakoma. Kama ni shashi iliyoikomesha, au ni kuzuiwa kwa safari, nani awezaye kuvitenganisha?

Swali hilohilo lilikuja tena San Francisco, katika Marekani. Mwezi wa Oktoba 1918 mji ule ulitunga sheria kwamba kila mtu avae shashi usoni awapo mbele za watu. Asiyevaa alitozwa faini au alitiwa gerezani. Wagonjwa wakapungua. Tarehe 21 Novemba, saa sita mchana, honi zililia mji mzima, na watu wakazivua shashi kwa furaha wakazitupa njiani. Baada ya majuma machache ugonjwa ukarudi. Mwezi wa Januari 1919 amri ikarudi nayo, na safari hii wako waliounda chama cha kuipinga, wakisema kwamba serikali haina haki juu ya nyuso zao. Amri ikaondolewa mwanzo wa Februari.

Basi, shashi ilifaa? Daktari Wilfred Kellogg, wa idara ya afya ya jimbo lile la California, alitaka kujua, naye alitoa habari zake mwaka 1920. Alilinganisha vifo vya miji iliyokuwa na amri na miji isiyokuwa nayo, asione tofauti. Kisha akajaribu kwa vyombo: akarusha ukungu wenye vijidudu kwenye shashi. Shashi ya matabaka machache iliuachia ukungu kupita. Shashi ya matabaka mengi iliuzuia, lakini pumzi haikuweza kupenya vema, na hewa ikatafuta njia nyingine, ikapita mashavuni na kando ya pua. Twapenda kusema kwamba karibu kila hoja iliyosemwa mwaka 2020 ilikwisha kusemwa katika siku za Kellogg, ila watu walikuwa wamesahau.

Wakati wake hata kisababishi cha mafua hakijajulikana. Virusi vya mafua ya binadamu vilipatikana London mwaka 1933. Ni vidogo mno, hata hadubini ya kawaida haivioni. Na kwa ajili ya udogo huo wako wasemao kwamba kuvizuia kwa kitambaa ni kama kuvua dagaa kwa wavu wa samaki wakubwa. Mfano huu ni mzuri masikioni mwa watu wa ziwa, lakini una kosa. Virusi haviruki vitupu; husafiri ndani ya mate, mengine vitone vizito vianguavyo upesi, mengine ukungu mwembamba ukaao hewani kama moshi wa jikoni. Tena nyuzi hazifanyi kazi kama wavu tu. Chembe nyingi zilizo ndogo kuliko matundu hunaswa kwa kuyumba na kuzigusa nyuzi. Ubovu mkubwa wa barakoa uko ukingoni, pale isipogusa uso, kama Kellogg alivyoona.

Katika suala hilo la vitone na ukungu wakubwa wa dunia walikosana. Mwezi wa Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona haienei kwa hewa. Mwezi wa Julai wataalamu 239 wakaandika barua ya kulipinga. Kuhusu barakoa, mwezi wa Aprili Shirika halikuwaagiza watu wazima wa afya kuzivaa. Tarehe 5 Juni likageuka, likashauri zivaliwe mahali penye ugonjwa ambapo watu hawawezi kuachana nafasi. Wenzetu wengi wakasema, "Hawa hawajui wasemalo." Neno hilo lilikuwa na ukali, lakini hatuwezi kulilaumu kabisa; mwalimu abadiliye somo bila ya kueleza kwa nini hupoteza darasa.

Serikali za Afrika ya Mashariki nazo hazikufuata njia moja. Kenya iliamuru barakoa mwezi wa Aprili 2020, na adhabu yake ilikuwa faini hata shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Kwetu Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Na mwezi wa Mei hesabu zikakoma kutangazwa, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Makanisa na misikiti haikufungwa. Mwezi wa Februari 2021 Rais John Magufuli alisema kwamba serikali haikukataza barakoa, lakini akaonya juu ya zile zitokazo nchi za nje, akataka zitumike zilizoshonwa hapa. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wamekwisha kuandika mwezi wa Januari kuwaonya waamini wajilinde. Na mwezi wa Machi katibu wa baraza lao, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika muda wa miezi miwili wamekufa mapadre zaidi ya 25 na masista 60. Hayo yalisemwa waziwazi, na sisi tuliyasikia redioni.

Hapa hatuna budi kuungama habari zetu wenyewe. Katika miezi ile ya mwanzo wa 2021, mtu aliyeingia kanisani amejifunika alitazamwa kama mtu asiyemtegemea Mungu, na asiyejifunika alitazamwa na wengine kama mwuaji. Mama mmoja mzee aliyekuwa na kifua kibovu alikuja na kipande cha kitenge usoni. Vijana wakacheka, naye Jumapili iliyofuata hakuja. Sisi walimu tulikuwapo, tukanyamaza. Wengine wetu tulikuwa na barakoa mifukoni, tukaziacha mifukoni. Hakuna aliyeuliza kitambaa chafanya nini. Kila mtu aliuliza kimevaliwa na nani. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliposema mwezi wa Aprili 2021 kwamba nchi haiwezi kujitenga kama kisiwa, akaunda kamati ya wataalamu, wale waliocheka walianza kuzivaa. Na hilo nalo halikuwa elimu, lilikuwa kugeuka pamoja na upepo.

Tuwaeleze basi yaliyopimwa. Katika Denmark, mwaka 2020, watu wapata 6,000 waligawanywa kwa kura, nusu wapewe barakoa za hospitali. Mwisho wake, katika kila watu 1,000 waliopewa, 18 waliambukizwa. Na kwa wasiopewa, 21. Tofauti hiyo ni ndogo hata yaweza kuwa bahati tu. Lakini jaribio lile lilipima kama barakoa yamlinda avaaye. Halikupima kama mgonjwa aliyejifunika huwaponya jirani zake, na hilo ndilo lililo katika Walawi.

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa Bangladesh, katika vijiji 600 vya wakulima na wavuvi, watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji barakoa ziligawiwa bure, na watu wakahimizwa sokoni na misikitini. Waliovaa wakaongezeka kutoka 13 katika mia hata 42. Wagonjwa waliothibitishwa kwa damu wakapungua kama sehemu moja ya kumi. Penye barakoa za hospitali, wazee waliopita miaka 60 walipata nafuu kubwa zaidi, upungufu wa thuluthi moja hivi. Barakoa za nguo hazikuonyesha faida iliyo dhahiri. Wako wataalamu waliosema kwamba hata tofauti hizo ni ndogo mno kutegemewa.

Kisha mwezi wa Januari 2023 jamii ya wataalamu iitwayo Cochrane ilikusanya majaribio 78, ya barakoa na ya kunawa mikono na mengineyo, ikaandika kwamba kuwahimiza watu wavae barakoa huenda kunaleta tofauti ndogo au hakuleti kabisa. Magazeti yakapiga kelele kwamba barakoa hazifai kitu. Mwezi wa Machi mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, akalazimika kusema kwamba hiyo siyo maana yake: kilichopimwa ni kuhimizwa, na watu wengi waliohimizwa hawakuvaa, kwa hiyo majibu hayakukata shauri.

Kwa maoni yetu fundo la ubishi wote liko hapo. Maswali ni mawili, na watu huyafanya moja. La kwanza, je, barakoa njema iliyobana uso yazuia mate na ukungu? Naam, yazuia, kwa kadiri ya uzuri wake. Ndiyo sababu wauguzi wa kifua kikuu huvaa zile nene. La pili, je, ukiuamuru mji mzima uvae, ugonjwa utapungua? Hapo jawabu lafuata kitambaa cha namna gani, kimevaliwaje, na kama watu wamekivua walipoketi kula pamoja. San Francisco ilijibiwa la pili ikadhani imejibiwa la kwanza. Sisi twaona kwamba kipande cha kitenge kilicholegea, kikivaliwa njiani penye upepo, ni kazi bure au karibu na bure. Na kwamba barakoa ya hospitali kwa mgonjwa akohoaye, na kwa mzee aketiye kanisani lililojaa, madirisha yamefungwa kwa mvua, yafaa gharama yake. Yule mama alikuwa na haki kuliko waliocheka, ijapokuwa kitambaa chake kilikuwa hafifu.

Alifariki mwezi wa Machi mwaka uleule, kwa kifua. Kama ilikuwa korona hakuna aliyepima. Na kwa kuwa kwa zaidi ya mwaka mmoja hesabu za nchi hazikutolewa, hatuwezi hata kusema kama mwezi ule Simbo ilizika watu wengi kuliko desturi. Tulijaribu kuzihesabu Misa za wafu katika daftari la kigango. Kurasa za miezi ile ziliandikwa majina tu, bila ya sababu ya kifo, kama za miaka mingine yote.