Maficho ya Mwisho ya Sotoka

Wewe msomaji hujapata kumwona ng'ombe mwenye sotoka, wala hutapata kumwona. Wazee wa wazee wako walimwona. Mnyama alishikwa na homa, macho yakatiririka machozi mazito, ufizi na ulimi vikafanya vidonda, kisha akaharisha mfululizo hata akaanguka. Na baada ya juma moja au mawili alikuwa mzoga. Ugonjwa huo uliingia Eritrea mwaka wa 1887, na baada ya miaka kumi hivi ulikuwa umefika Rasi ya Tumaini Jema. Mahali pengi uliua ng'ombe tisa katika kila kumi, pamoja na nyati, pofu na tandala wasio na idadi. Katika Ethiopia maksai wa kulima walikwisha, na watu wakafa kwa njaa. Wamaasai waliuita wakati ule wa misiba Emutai, maana yake maangamizi.

Sitakueleza hapa juhudi zote zilizofanywa kuupinga ugonjwa huo, kwa kuwa ni nyingi. Nataka kukuonyesha namna ulivyokomeshwa, maana hapo pana jambo ambalo watu werevu walichelewa kuliona.

Silaha ilipatikana karibu nasi. Katika Muguga, si mbali na Nairobi, daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, pamoja na mwenzake R. D. Ferris, walikuza kirusi cha sotoka ndani ya chembe za figo za ndama, wakakihamisha toka chombo hata chombo yapata mara tisini, mpaka kikapoteza ukali wake. Chanjo yao haikuwa ya gharama kubwa, na sindano moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Ilikuwa na kasoro moja: ilitaka baridi, na ikikosa barafu iliharibika.

Basi mwaka wa 1962 serikali za Afrika na wafadhili wao walianza kazi ambayo haijapata kuwako mfano wake, ya kuchanja ng'ombe wote, nchi baada ya nchi. Kufikia mwaka wa 1976 kazi hiyo ilikuwa imepita katika nchi 22, na sotoka ikawa imetoweka karibu kila mahali. Litazame vema neno hilo "karibu". Fedha zilielekezwa penginepo, uchanjaji ukalegea, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Nigeria ilipata hasara kubwa mno mwaka wa 1983.

Wanafunzi wangu, nikiwauliza dawa ya hali kama hiyo, wengi hujibu upesi: wangechanja zaidi. Ndivyo walivyojibu wakubwa wengi wa wakati ule, na mamilioni ya ng'ombe wakachanjwa tena mwaka hata mwaka. Hata hivyo sotoka haikwisha.

Palikuwa na haja ya kumjua adui kabla ya kumpiga. Kirusi cha sotoka kina udhaifu mkubwa. Hakidumu nje ya mwili wa mnyama. Hupita kwa wanyama waliokaribiana sana. Na mnyama akiponea hakibebi tena, wala haugui mara ya pili. Kwa hiyo, ili kiishi, hapana budi kipate ndama wapya siku zote. Katika nyanda za juu za Ethiopia, ambako mkulima ana ng'ombe wachache na wa jirani yake wako mbali kidogo, kiliingia, kikaua, kikakosa pa kwenda, kikafa chenyewe. Kilichokiweka hai ni makundi makubwa ya nchi kame, yanayohama na kuchanganyika visimani na malishoni: kwa Waafar, kusini mwa Sudan, na katika nchi ya Wasomali inayovuka mipaka ya mataifa matatu. Na huko ndiko wachanjaji walikofika kwa nadra! Hapakuwa na barabara, pengine palikuwa na vita, na barafu iliyeyuka kabla ya safari kwisha. Mwaka hata mwaka kazi kubwa ilifanywa pale ilipokuwa rahisi kufanywa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1990 Ethiopia ilikata shauri: uchanjaji wa jumla katika nyanda za juu ukomeshwe, na nguvu zote zielekee kwenye maficho. Fikiri uzito wa shauri hilo. Mkulima aliyezoea kuchanjiwa maksai wake aambiwe kwamba sasa hawatachanjwa. Na sotoka ikizuka kwake, nani atakayebeba lawama? Kuongeza kazi hakuhitaji ushujaa mwingi kama kuiacha kazi ambayo kila mtu anaisifu. Lakini palikuwa na faida ya pili. Chanjo ya nusunusu huuficha ugonjwa. Ng'ombe wasiochanjwa huudhihirisha mara uingiapo.

Kwa bahati njema Jeffrey Mariner, Mmarekani, alikuwa amekwisha kupata namna ya kuikausha chanjo ya Plowright hata ikaweza kukaa yapata mwezi mzima bila barafu. Sasa iliweza kubebwa kwa miguu, au juu ya punda na ngamia. Na nani wa kuibeba? Wafugaji wenyewe, waliojua kundi gani linanywa kisima gani, na mwezi upi. Mwaka wa 1994 wachanjaji 20 tu kutoka miongoni mwa Waafar walichanja ng'ombe wapatao 73,000; na baada ya mwaka wa 1995 sotoka haikuonekana tena katika nchi yao. Kusini mwa Sudan, katikati ya vita, wafugaji waliofunzwa vivyo hivyo walisaidia kuchanja ng'ombe zaidi ya milioni moja katika mwaka wa 1993 peke yake.

Usidhani kwamba ile kazi ya kwanza ilikuwa bure. Ndiyo iliyousukuma ugonjwa mpaka ukabaki na maficho machache. Bila hiyo pasingekuwa na maficho ya kutafutwa.

Maficho ya Wasomali ndiyo yaliyosumbua zaidi. Huko kirusi kilikuwa cha upole kwa ng'ombe hata mfugaji aliweza asikitambue, ila kikiingia mwituni kiliua. Mwaka wa 1994 tandala na nyati wa Tsavo walianza kufa, na mwaka wa 1996 kilifika katika mbuga ya Nairobi, mlangoni pa jiji. Mara ya mwisho kilionekana kwa nyati wa Meru, mwaka wa 2001.

Baada ya hapo uchanjaji ulikomeshwa hata katika maficho, ili damu ya wanyama iseme kweli, maana aliyechanjwa na aliyeugua damu zao hufanana. Kwa miaka kadha madaktari walipima damu ya ng'ombe na ya nyati waliozaliwa baadaye, wakitafuta alama ya sotoka. Hawakuiona, na mwaka wa 2011 dunia ikatangaziwa kwamba imekwisha.