NENO "HALALI" LILISHUKA KUFUNGUA MAFUNDO



Ndugu zangu katika imani, neno "halali" tunalitamka kila siku. Buchani tunauliza: hii nyama ni halali? Mtu akipewa haki yake tunamwambia: chukua, halali yako. Lakini kwenye chakula wengi wetu tumelibakisha kwenye kisu cha mchinjaji peke yake. Tulitazame lilikotoka.

Asili yake ni Kiarabu, na maana moja ya mzizi wake ni kufungua fundo. Nabii Musa (a.s.) alipomuomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, Surat Twaha aya ya 27, kitenzi kilichotumika ni cha mzizi huo huo. Na hujaji akitoka kwenye ihramu tunasema amefanya tahalul, yaani amefunguliwa yale aliyozuiwa. Basi chakula halali ni kile kisichofungwa na katazo la Mwenyezi Mungu.

Sasa tazama hali ya Waarabu wa zama za Jahiliya. Walijifungia mafundo wenyewe. Walikuwa na Bahira, ngamia jike aliyepasuliwa sikio, maziwa yake yakazuiwa kwa ajili ya masanamu. Walikuwa na Saiba, aliyeachiwa kwa ajili ya miungu yao, asibebeshwe mzigo. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa wa kwanza kuleta desturi hiyo ni Amr bin Luhay wa kabila la Khuzaa. Zaidi ya hapo, walisema kilichomo matumboni mwa baadhi ya wanyama ni cha wanaume tu, wanawake wasiguse. Ila kikizaliwa kimekufa, hapo wote washirikiane! Rejea Surat Al-An'am aya ya 139. Qur'ani ikayakana hayo, na katika Surat An-Nahl aya ya 116 ikatuonya tusiseme kwa ndimi zetu tu kuwa hiki halali na hiki haramu.

Masahaba walilielewa somo hili. Siku moja aliletwa mjusi wa jangwani, wanayemwita dhwab, aliyechomwa. Mtume (s.a.w.) akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila hapatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akamvuta akala, Mtume anamtazama. Kwa hiyo usichokipenda wewe usikifanye haramu kwa mwenzako.

Lakini ndugu zangu, kuna upande wa pili. Surat Al-Baqara aya ya 168 inawaita watu wote wale kilicho halali na tayyib, yaani chema na safi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba mtumwa wa Abubakar (r.a.) alimletea chakula, naye akala. Kisha mtumwa akasema kuwa ni malipo ya ramli aliyompigia mtu zama za Jahiliya, tena kwa udanganyifu. Abubakar akaingiza mkono mdomoni, akatapika vyote. Angalia vizuri: tatizo la chakula kile halikuwa kisu, lilikuwa chumo.

Leo tuna nembo za halali. Malaysia ilianza kutoa barua za uthibitisho mwaka 1974, na nchi nyingi zikafuata. Ni jambo jema, linamsaidia Muislamu aliye dukani asiyemjua mchinjaji. Ila nembo inakagua kilichomo ndani ya pakiti. Haikagui pesa uliyonunulia. Kuku aliyechinjwa kwa Bismillahi, akanunuliwa kwa rushwa, kwa riba au kwa mali ya yatima, utamwitaje mbele ya Mola wako?

Basi tusiwafungie watu alichokifungua Allah, na tusijifungulie alichokifunga. Kabla ya kuuliza nani kachinja, tuulize pia pesa imetoka wapi.

Allah aturuzuku chumo la halali na chakula chema, sisi na watoto wetu. Amin.

Wallahu aalam.