Jozi ya bunduki

Katika maandishi ya uwindaji wa kitalii siku hizi tunakutana na "jozi ya bunduki". Jozi tunaijua: viatu, soksi, pete za masikioni, vitu viwili vinavyofanana na kutegemeana. Mabwana wa Uingereza waliowinda ndege waliagiza kweli bunduki mbili pacha, moja ikifyatuliwa, nyingine inashindiliwa na msaidizi. Hiyo ni jozi halali.

Mwindaji wa nyati na tembo hana pacha. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyetua Mombasa Aprili 1909 kuwinda, alikuwa na bunduki ya Springfield nyepesi, Winchester ya .405, na Holland & Holland nzito ya mitutu miwili. Nyepesi ni ya swala wa mbali. Nzito ni ya mnyama anayekujia, maana mitutu miwili ina vifyatulio viwili, na risasi ya pili hutoka bila kukokiwa. Tangu 1912 wengi huchagua bunduki ya kipenyo cha .375 ifanye karibu kazi zote.

Hapo ndipo "jozi" inapompoteza msomaji: ni silaha mbili, au ni moja yenye mitutu miwili? Bora mtutu uitwe mtutu. Kwa silaha mbili zisizofanana, andikeni "bunduki mbili, nyepesi na nzito". Jozi tuwaachie wauza viatu.