Umri hautoshi: jinsi madaktari walivyojifunza kupima udhaifu wa uzeeni

Mwaka 1935, hospitali ya West Middlesex, pembezoni mwa London, ilikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa hospitali ya maskini. Wagonjwa 714 walikuwa wamelazwa humo, wengi wao wazee, na wengi walishakatiwa tamaa. Wodi hizo alipewa Daktari Marjory Warren, naye akaanza kuwapima mmoja mmoja. Huyu miguu imekakamaa kwa kulala tu. Yule ana kiharusi, ila akishikwa mkono anaweza kusimama. Aliwatenganisha kulingana na hali zao, wakafanyishwa mazoezi, na wengi wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Waingereza humwita mama wa tiba ya wazee, na anastahili.

Hata hivyo, zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya kupatikana vipimo vinavyotumika leo. Udhaifu wa uzeeni si ugonjwa mmoja. Ni mwili kupungukiwa nguvu za kujirudisha: homa ambayo mzee mmoja anaimaliza kwa siku tatu inamlaza mwenzake wa rika lile lile mwezi mzima, na akiinuka si yule wa zamani. Tarehe ya kuzaliwa haikuonyeshi yupi ni yupi.

Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani, kwa taarifa za watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 65 na kuendelea, walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye tatu alihesabiwa dhaifu. Lakini kifaa cha kupimia nguvu za mkono hakipo katika kliniki nyingi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kinachofaa mazingira ya huko.

Kenneth Rockwood wa Halifax, Kanada, alileta njia nyingine mwaka 2005: ngazi saba, baadaye tisa, zinazotegemea maisha ya mtu. Bibi anakwenda sokoni mwenyewe? Anapika? Anaoga bila kusaidiwa? Na kinachoulizwa ni hali yake wiki mbili kabla ya kuugua, si anavyoonekana sasa kwenye machela. Kwangu hilo ndilo kubwa, maana aliyezidiwa na homa yeyote huonekana dhaifu.

Machi 2020, corona iliposambaa Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, ilielekeza ngazi hizo zitumike katika kuamua nani apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi. Mashirika ya watu wenye ulemavu yakapaza sauti: kijana mwenye usonji anayesaidiwa kuoga angewekwa ngazi moja na mzee aliyeishiwa nguvu. Yalikuwa na haki kabisa. Tarehe 25 mwezi huo huo mwongozo ukarekebishwa: ngazi zisitumike kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa wenye usonji au ulemavu wa muda mrefu usiobadilika. Hao daktari awapime kila mmoja kivyake.